Herufi B kando ya jina

Januari ya mwaka 2016 nilipewa Darasa la 6 katika shule moja ya msingi ya serikali huku Mombasa bara, ukishavuka Makupa. Siku ya kwanza, kabla kengele haijalia, mwalimu aliyekuwa na watoto hao mwaka uliotangulia aliniita pembeni mwa ofisi ya walimu akanipa orodha ya majina. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa mwandiko mzuri wa kizamani, na kando ya majina kumi na moja palikuwa na herufi B kwa wino mwekundu. Nilifurahi. Nilidhani ni alama za mtihani wa mwisho wa mwaka. Nikamwambia, "Mwalimu, wenye B ni wengi hivi? Umenipunguzia kazi."

Akacheka kwa upole. "B ya Bangla hiyo, mwalimu. Hao usijichoshe nao. Mradi waje shule, wasikuvunjie dirisha, mwaka uishe."

Naanza na mwalimu huyu kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiwanunulia sare watoto wawili kwa mshahara wake, kimyakimya, na mimi nilikuja kulijua hilo baadaye kwa bahati tu. Yale aliyasema kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni shimo lililoko njiani asije akatumbukia, nami nikayapokea hivyo hivyo. Nikamshukuru. Orodha niliikunja nikaitia ndani ya rejista, na muhula wote wa kwanza ukapita sijafuta B hata moja.

Bangladesh ni mtaa wa mabanda ulioko Mikindani, eneo bunge la Jomvu. Jina ni la nchi ya mbali, na wenyewe wamelifupisha likawa Bangla. Huko wanaishi vibarua wa bandarini na wa yadi za makontena, mautingo wa malori, kina mama wa viwanda vya nguo vya EPZ, yaani eneo maalumu la viwanda vya kuuza bidhaa nje, wauza mnazi, wachuuzi wa mihogo na samaki. Kuna Waduruma na Wagiriama, kuna Wakamba, Waluo, Waluhya, na watoto wao wote huzungumza Kiswahili kimoja chenye mchanganyiko wake mtamu. Mtoto wa huko akisema "mimi wa Bangla" husema kifua mbele. Neno hilo hilo likiingia ofisi ya walimu hupata uzito mwingine. Sauti hushuka kidogo. Mtu hutazama mlangoni kwanza.

Na maneno yenyewe nimeyasikia miaka mingi, mengi katika ile nusu saa ya chai ya saa nne. Kichwa maji. Sugu. Sikio la kufa. Watoto wa mangweni, yaani waliolelewa pale mnazi unaponyweka. Mwalimu akirudisha madaftari aliyosahihisha atasema, "Nilishajua, hawa ni wale wa kule." *Wale* wa *kule*: viashiria viwili vya mbali kwa mtoto anayekaa dawati la pili kutoka ubaoni. Tangu magazeti yalipoanza kuandika habari za vijana wa mapanga wa Kisauni, limeongezeka jingine: mvulana akichelewa mara mbili, mtu atasema, "Panga boi huyo, subirini tu." Kwa wasichana msamiati ni mwingine, na kwangu mimi ndio mbaya zaidi kwa sababu husemwa kama utabiri wa kawaida, mfano wa mvua: "Huyu hafiki Fomu Tuu." Msichana wa miaka kumi na miwili ameinama anafuta ubao, na nyuma yake watu wazima wawili wameshammalizia maisha.

Methali nazo huitwa zije zitoe ushahidi. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Maji hufuata mkondo. Hii ya pili hunikera kwa sababu shule zetu pia zina mikondo. Darasa likiwa kubwa hugawanywa mikondo miwili au mitatu, na nimefanya kazi mahali ambapo kila mtu alijua, bila kuandikwa popote, ni mkondo upi wa watoto wa wafanyakazi wa ofisini na upi wa watoto wa mabandani. Mwalimu mzoefu alipelekwa kwa wa kwanza. Mwalimu mgeni na vitabu vilivyochanika vilikwenda kwa wa pili. Matokeo yalipotoka, watu walisema maji yamefuata mkondo. Huo mkondo tuliuchimba sisi.

Kuna jambo sisi wa Pwani huona uchungu kulisema. Walimu wengi wanaofundisha huku wametoka bara, yaani sehemu za Kenya zilizo mbali na Pwani, na baadhi yao walikuja na lao tayari: watu wa Pwani hawapendi shule, watu wa Pwani ni wavivu, wanapenda kukaa barazani. Mimi mzaliwa wa Changamwe nimeyameza hayo tangu nikiwa chuo cha ualimu. Mkufunzi mmoja aliniuliza mbele ya wenzangu kama kweli nitaweza kuamka mapema. Naukumbuka moto ulionipanda usoni. Sasa niambie: mtu aliyeonjeshwa sumu hiyo, akirudi kwao akaajiriwa, anapata wapi ulimi wa kusema "hawa wa Bangla ndivyo walivyo"? Nilikuwa nao. Tukikasirika pamoja, sisi walimu wa Pwani, kwa yale tunayosemwa na wa bara, kisha chai ikimiminwa tunawasema watoto wa mtaa wa pili kwa sauti ile ile.

Miaka michache baadaye nilisoma habari za mtafiti Mmarekani, Ray Rist, aliyechapisha mwaka 1970 uchunguzi wa shule moja ya watoto weusi mjini St. Louis. Alikaa na watoto hao tangu walipoanza chekechea. Siku ya nane tu ya masomo, mwalimu alikuwa ameshawagawa katika meza tatu. Hakuwa amewapa mtihani wowote. Waliokaa meza ya mbele ni wale waliovaa vizuri, wasionuka, wenye wazazi wenye kazi. Aliwaita wenye kushika upesi, akawafundisha hao. Walipofika darasa la pili, watoto walikuwa bado katika makundi yale yale kwa kiasi kikubwa, na kundi la chini kabisa lilikuwa limepewa jina la vikaragosi. Mwalimu yule wa chekechea alikuwa mweusi kama wao. Hapo ndipo niliposimamisha kusoma nikatoka nje ya nyumba kidogo.

Lakini nimeruka. Nirudi 2016.

Miongoni mwa wale kumi na mmoja alikuwamo mvulana mmoja ambaye jina lake silitaji, kwa kumhifadhi. Ana jina zuri, la babu yake mzaa baba, na naungama kwamba muhula ule sikulitamka mara nyingi. Alikuwa akilala darasani. Kila siku, baada ya mapumziko ya saa nne, kichwa kinashuka taratibu mpaka kwenye dawati. Na madaftari yake yalinuka rangi, ile rangi ya mafuta ya kupaka milango. Yalikuwa na madoa ya kijani pembeni. Nilimwandikia kwa wino mwekundu, "Weka daftari safi." Wiki mbili baadaye nikaandika tena. Mara ya tatu nikapiga mstari chini ya neno safi, mistari miwili.

Mei, masika yamepamba moto, hakuonekana siku nne. Nilikwenda kwao. Ningependa kusema nilisukumwa na mapenzi, lakini mwalimu mkuu alikuwa ametaka sababu za watoro kwa maandishi. Nilifuata vichochoro na mwanafunzi mwenzake akiniongoza, maji yamefika vifundoni, mpaka kwenye chumba kimoja cha mabati. Mama yake alinikaribisha, akanifutia kigoda kwa kanga, akaniomba radhi kwa matope kana kwamba mvua ni kosa lake. Mtoto alikuwa na homa, anaendelea vizuri. Nilipouliza kuhusu masomo, mama alinyoosha mkono juu. Kwenye boriti, kwa kamba ya katani, ilining'inia ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko. Ndani mlikuwa na madaftari. Aliyaweka humo yasilowe mvua na yasiliwe na panya, na kila alfajiri kabla ya kwenda kazini EPZ aliishusha ndoo, akatoa yanayohitajika siku hiyo. Katika nyumba ile nzima hakukuwa na kitu kilichotunzwa kuliko vile ambavyo mimi nilikuwa nikiandikia "weka safi."

Na usingizi? "Maji, mwalimu. Huku bomba hutoka usiku. Yakija saa nane, yakija saa tisa, yeye ndiye ajuaye kupanga foleni, mimi natoka zamu." Mombasa nzima hulia na maji, hilo halina mgeni. Wanaojiweza hununua kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Asiyejiweza humwamsha mtoto.

Hapa najua msomaji anangoja nini. Anangoja nimwambie kwamba mtoto yule alikuwa na kipaji kilichofichika, kwamba alikuwa anafanya hesabu za duka kichwani, kwamba leo ni injinia. Hapana. Alikuwa mtoto wa kawaida kabisa. Insha zake zilikuwa fupi, alichanganya ngeli ya LI-YA na ya U-ZI, sehemu za desimali zilimpiga chenga. Na hili nalishikilia kwa nguvu zangu zote, kwa sababu hadithi za vipaji vya mabandani nazo hutuumiza. Zinataka mtoto maskini awe wa ajabu ndipo astahili kufundishwa, wakati mtoto wa kawaida wa Nyali, mtaa wa wenye nafasi, hupewa nafasi ya kukosea, akaelezwa tena, akakosea tena, akaelezwa mara ya tatu, wala hakuna anayemwita sugu.

Basi nilitoka Bangla siku ile nimebadilika, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Nikamwonea huruma. Nilimwacha alale. Akichelewa sikumuuliza. Kazi ya nyumbani asipofanya nilipita dawati lake kama sijaona. Niliwaambia na walimu wengine, "Msimsumbue yule, masikini ya Mungu, mazingira yake nimeyaona kwa macho yangu." Wakaafiki kwa vichwa. Ofisi nzima ikamhurumia. Daftari lake nikaanza kulipiga vema tu, vema na vema, ili lisiwe na majeraha mekundu.

Julai mama yake alikuja shuleni. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, ameshika daftari la Kiswahili limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia aketi.

"Mwalimu, shikamoo," akaanza, ingawa tulikuwa marika. "Nimekuja kuuliza. Mwanangu amekukosea?"

Nikamwambia hapana, kwa nini?

"Mbona siku hizi humsahihishi?" Akafungua daftari, akaniwekea kidole. "Hapa ameandika *ukuta* nyingi yake *makuta*. Mimi niliishia la tano, lakini hili nalijua si sawa. Weye umepiga vema. Zamani ulikuwa ukimwandikia makosa kila ukurasa, tukikaa naye usiku twayatazama. Sasa hakuna. Nikasema labda mwalimu ameshamwacha."

Ameshamwacha. Nimesikia lawama nyingi katika kazi hii, kutoka kwa wakaguzi na wazazi wenye magari, lakini hakuna iliyonifika kama hiyo ya mwanamke asiyelala tangu jana, anayedai mwanawe arudishiwe makosa yake. Tangu siku hiyo sioni tofauti kubwa kati ya mwalimu anayesema "hao usijichoshe nao" na yule anayesema "masikini, msimsumbue." Wa kwanza hufunga mlango kwa teke, wa pili huufunga polepole, na mtoto yuko nje kwa vyote viwili. Mwalimu aliyenipa ile orodha nami tulikuwa tumeandika B ile ile. Yangu ilikuwa na machozi.

Nilifanya jambo moja ambalo nawaambia walimu vijana wajaribu. Nilitia kokoto nyingi katika mfuko wa kushoto wa koti langu la kazi. Kila nilipomuuliza swali mtoto wa Bangla, na akikosa nikasubiri, nikamrahisishia, nikamrudia, nilihamisha kokoto moja kwenda mfuko wa kulia. Jumatatu hadi Ijumaa. Ijumaa jioni niliketi kwenye ngazi nikayamimina. Mfuko wa kulia ulikuwa na kokoto ninazoweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nilikuwa nimewauliza, ndiyo. Lakini wakikosa, nilihamia kwa mwingine mara moja, kwa haraka ambayo sikuwa naijua. Wamarekani wawili, Jere Brophy na Thomas Good, walilichapisha jambo hili mwaka 1970, baada ya kukaa katika madarasa ya watoto wadogo wakirekodi mawasiliano kati ya mwalimu na mwanafunzi mmoja mmoja: anayetarajiwa kufaulu akikosa hurudiwa swali au hudokezwa, asiyetarajiwa akikosa hupewa jibu au swali huenda kwa mwingine. Watoto huliona. Baada ya muda huacha kuinua mkono, na mwalimu huandika kwenye ripoti, "Hashiriki darasani."

Kuna kisa kingine cha Mikindani hiyo hiyo kinachonirudia kila nikisikia neno "mzito." Katika kijiji cha Owino Uhuru kilikuwapo kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kupata madini ya risasi. Kilianza mwaka 2007 na kufungwa 2014. Moshi na maji yake viliingia kwenye nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, mtoto wake mchanga alipougua, mama huyo alikataa kutulizwa, akadai damu ya mtoto ipimwe, ikapatikana risasi. Alipigana mpaka akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba kwa mtoto huathiri ubongo: hupunguza uwezo wa kujifunza, hufupisha umakini, huzidisha utukutu. Hujifunza polepole. Hatulii. Mkorofi. Hayo ni maneno tunayoyaandika kwenye ripoti. Nikiisoma kesi hiyo nafikiria ripoti za shule za miaka ile, na mikono iliyoziandika, na jinsi kila mmoja wetu alivyokuwa na hakika.

Sheria tunayo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza kumdhalilisha mwanafunzi kimwili na kiakili. Kiboko kimepungua kwa kiasi, lakini ulimi bado ungali na ruhusa, labda kwa sababu hauachi alama ya kumwonyesha daktari. Mtaala nao umebadilika. KCPE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza Darasa la 8, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na sasa badala ya namba tunampima mtoto kwa maneno: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Nia ni njema na nimeiunga mkono tangu mwanzo. Ila kila nikitia tiki kwenye kisanduku cha mwisho hujiuliza ni matarajio ya nani, na yaliwekwa lini, na kama mtoto aliwahi kuambiwa. Mwaka ule wa 2016 mtoto wangu wa ndoo ya rangi hakuwa mbali na matarajio yoyote. Nilikuwa sijamwekea.

Nilimrudishia makosa yake. Alinuna kwanza, kisha akazoea. Usingizi haukuisha kwa sababu maji hayakubadili saa zake, ila tulikubaliana atalala saa ya michezo na Kiswahili atanifanyia macho wazi. Alimaliza la nane kwa alama za katikati. Mwaka jana nilimkuta kwenye matatu ya Kwa Jomvu, yeye ndiye makanga, akanikatalia nauli mbele ya abiria na kusema kwa sauti, "Huyu ndiye alinifunza *kuta*." Nililipa hata hivyo. Nilitamani ningekuwa nimemfunza zaidi.

Novemba iliyopita zamu ya kukabidhi ilinifikia mimi. Mwalimu kijana, mwaka wake wa kwanza, alikuwa anachukua Gredi ya 4 yangu. Ni mwerevu, ana moyo, na wenzetu walikuwa wameshamnong'oneza. Nilimpa orodha ya majina. Akaipitia juu hadi chini, akaigeuza nyuma, akanitazama.

"Mwalimu, na wale wa Bangla ni wepi? Nimeambiwa nikuulize."

Nilimwambia avute kiti. Tukaanza na jina la kwanza. Huyu anasoma vizuri lakini kugawanya kunamshinda, mpe vijiti ahesabu. Huyu haoni ubaoni, mkalishe mbele, nimeshamwandikia mzazi. Huyu akikosa husema "nimesahau," subiri kidogo, hujibu. Huyu anachanganya *ukuta* na *kikuta*. Aliandika yote, ukurasa wa kwanza ukajaa, akafungua wa pili. Kufika jina la ishirini hivi aliacha kuuliza mtu anatoka wapi. Bawabu alikuja na funguo, akatuona, akarudi kukaa nje kwenye benchi kutungoja.